Nimeuza gari, bima kubwa imebaki miezi nane: hela yangu inarudi?

Swali la msomaji wa Dar: "Kaka habari, samahani nitakuwa mrefu. Jumapili tarehe 31 Mei nimeuza IST yangu. Bima kubwa niliikata tarehe 12 Februari, gari tuliiandika milioni 15, nikalipa 619,500 kwa mkupuo. Nimempigia ajenti anisitishie anirudishie iliyobaki, anasema bima ikishalipwa haivunjwi. Mnunuzi naye anasema nimwachie stika amalizie, ni kijana anataka kuiingiza kwenye taksi za mtandao. Sijawahi kudai chochote, ila mwezi wa nne bodaboda alinikwangua mlango nikapiga rangi kwa hela yangu. Mwezi wa nane nategemea kuchukua gari nyingine. Nifanyeje?"

Dada yangu umefanya vizuri kuwa mrefu, mana humo kwenye urefu ndo kuna vitu viwili vinavyoamua kila kitu, hiyo tarehe 12 Februari na hiyo taksi ya mtandao. Nianze na la haraka. Leo ni Jumatano tarehe 3 Juni. Ukimaliza kusoma hapa na ofisi bado ziko wazi, peleka barua ya kusitisha bima leo leo, ikishindikana basi kesho Alhamisi, ila Ijumaa usifike. Kila siku unayongoja hapo katikati haina shida kubwa, lakini ukivuka Alhamisi kuna kama elfu sitini na kitu inaondoka, nitakuonyesha chini inaondokaje.

Ajenti amekudanganya, au tuseme kwa adabu amekuambia kinachomfaa yeye. Bima ya gari inavunjwa, hata hiyo kubwa inayofidia na gari lako mwenyewe. Chukua mkataba wako wa bima, sio ile kava noti ya ukurasa mmoja, namaanisha lile kabrasha lenye maandishi madogo ambalo watu wengi hata hawajawahi kupewa (kama hujapewa waombe wakutumie kwa imeili, ni haki yako), nenda sehemu ya masharti ya jumla, utakuta kuna sharti la kusitisha. Mikataba ya bima ya magari huku kwetu karibu yote imerithi maneno yale yale ya zamani na yanasema hivi: kampuni inaweza kukusitishia kwa kukupa notisi ya siku saba, na wewe mteja unaweza kusitisha muda wowote kwa notisi ya siku saba. Pande zote mbili zina haki. Sasa kwanini ajenti hataki kukwambia? Kwasababu komisheni yake inatoka kwenye ada uliyolipa, na ada ikirudishwa na komisheni inarudi kwa hesabu ile ile. Mimi nimekaa kwa broka wa bima miaka kumi na moja, naijua hiyo kazi, simlaumu sana, ila usimwachie yeye ndo akuamulie.

Haya, sasa hela. Hapa ndo watu wengi wanagombana na kampuni bure mana wanafikiri hesabu ni ya kugawanya miezi tu. Wewe kichwani umeshapiga: nimetumia miezi minne, imebaki nane, nirudishiwe theluthi mbili. Sivyo. Lile sharti lina pande mbili na hazilipi sawa. Kampuni ikikusitishia yenyewe, inakata siku ulizotumia tu na inakurudishia zilizobaki, yaani ile hesabu yako ya kugawanya. Ukisitisha wewe, inakata kwa jedwali la muda mfupi, na hilo jedwali ni kali. Mantiki yake ni kwamba mtu asije akakata bima ya mwaka mzima akaitumia safari moja ya Krismasi kwenda kijijini alafu Januari akaja kudai miezi kumi na moja. Jedwali ambalo nimelizoea linakwenda namna hii: ukitumia mpaka wiki moja wanakula moja ya nane ya ada ya mwaka, mpaka mwezi mmoja wanakula robo, miezi miwili tatu ya nane, mitatu nusu, minne tano ya nane, sita robo tatu, minane saba ya nane, na ukivuka miezi minane hawakurudishii hata mia. La kampuni yako linaweza kuwa tofauti kidogo kwaiyo kabla ya kubishana na mtu fungua kwanza mkataba wako uone lao, ila umbo ni hilo hilo, ngazi ngazi.

Tuingize namba zako. Gari milioni 15, kiwango cha chini cha TIRA, yaani mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa bima kubwa ya gari binafsi ni asilimia 3.5, inakuja 525,000. Juu yake VAT ya asilimia 18 ambayo ni 94,500, jumla 619,500, kweli ndo uliyolipa. Sasa hesabu ya kurudishiwa inaanzia kwenye 525,000, sio kwenye 619,500, usije ukashtuka. Ukisitisha ndani ya mwezi wa nne wa bima yako (sio Aprili, nahesabu toka ilipoanza) wanabaki na tano ya nane, yaani 328,125, wanakurudishia 196,875. Ukivuka mwezi wa nne hata kwa siku moja umeshapanda ngazi ya miezi sita, wanabaki na 393,750, unarudishiwa 131,250. Tofauti 65,625 kwa siku moja! Bima yako ilianza tarehe 12 Februari, mwezi wa nne unaisha tarehe 11 Juni usiku. Na notisi ni siku saba. Barua ikipokelewa kesho tarehe 4, siku saba zinaishia tarehe 11, umepona. Ikipokelewa tarehe 5 unaangukia tarehe 12. Umeona kwanini nimekuambia Ijumaa usifike? Kuna kampuni zenyewe hazikazii siku saba kwa mteja, zinasitisha siku ile ile uliyoomba, hasa ukiwapelekea mkataba wa mauziano, lakini hilo ni la hisani na hisani hupangii bajeti.

VAT nayo usiiache mezani. Ada ikirudishwa, kodi iliyokuwa imebebwa na hiyo ada nayo inatakiwa irekebishwe, ndo mana wahasibu wana ile kredit noti, karatasi ya kupunguza kilichotozwa kwenye risiti ya mwanzo. Kwa 196,875 kodi yake ni kama 35,437. Watakapokuletea hesabu uliza tu kwa upole, "na VAT yake mmeiweka wapi?" Mara nyingi wanajibu "aah samahani tulisahau". Wanasahau sana hiyo.

Kuna maneno mengine kwenye lile sharti madogo ila yana meno: unarudishiwa hela endapo hakuna dai lililojitokeza ndani ya kipindi hicho cha bima. Ukishadai, hata kioo tu, mara nyingi ndo basi, bima unaweza kuivunja lakini hela hupati. Kwako wewe kuna huyu bodaboda wa mwezi wa nne. Hukufungua dai, hukulipwa, ulipiga rangi mwenyewe, kwaiyo upande wako uko safi. Ila nakuuliza kitu ambacho hukukiandika: yule bodaboda aliumia? Mlikwenda kituoni? Kama mliachana kwa maneno tu na kila mtu akashika njia yake, sawa, endelea. Kama aliumia au kulikuwa na abiria aliyeanguka, waambie kampuni sasa kabla hujasitisha, mana ajali iliyotokea mwezi wa nne iko ndani ya bima yako hata kama bima umeivunja mwezi wa sita. Watu wanadhani ukivunja bima yanafutika na ya nyuma. Hayafutiki. Siku ya ajali ndo inayoangaliwa. Na kwa sababu hiyo hiyo usichome makaratasi ya bima hii, yaweke tu kwenye bahasha kabatini miaka kadhaa, mtu wa tatu anaweza kujitokeza umeshamsahau.

Sasa tuje kwa kijana wako wa taksi, hapa ndo nilipotaka kukaa kidogo.

"Niachie stika nimalizie" ni maneno utayasikia kwenye kila gari linalouzwa mjini hapa, na wauzaji wengi wanakubali kwa huruma, mana anaona mwenzie ameshatoa milioni kadhaa amwongezee mzigo wa nini. Kwanza hiyo stika siku izi ni karatasi tu. Ukweli uko kwenye mfumo wa TIRA, ile TIRA-MIS, trafiki akitaka kujua anaingiza namba ya gari kwenye simu anaona kampuni gani, inaanza lini inaisha lini. Pili, na hili ndo la msingi, bima ya gari ni makubaliano kati ya kampuni na wewe. Walikuhoji wewe, leseni yako, matumizi yako ya kwenda kazini na kurudi na kupeleka watoto shule. Siku uliyouza gari, gari ikiungua wewe hupotezi kitu, na mtu asiyepoteza kitu hana cha kufidiwa. Anayepoteza ni kijana, na kijana kampuni haimjui. Kwaiyo pale kwenye bima kubwa, matengenezo ya gari yenyewe, atakuta mlango umefungwa. Alafu juu yake anaweka abiria wa kulipa. Bima yako ni ya gari binafsi, kubeba abiria kwa malipo imekatazwa waziwazi mle ndani, kundi hilo lina viwango vyake na lina leseni yake ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Hapo ana matatizo mawili kwenye gari moja, na yeye anadhani ana bima kubwa.

Nilikuwa na mteja mmoja, mzee wa watu, aliuza Noah akaacha stika. Mnunuzi hakubadilisha kadi TRA, miezi ikapita, Noah ikagonga watu barabarani usiku na dereva akatoweka. Polisi walikwenda kwa nani? Kwa jina lililoko kwenye kadi na kwenye bima, yote mawili yanasoma mzee. Alikuja ofisini kwetu na mkataba wa mauziano ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari, hauna hata saa ya makabidhiano, na tarehe imekwanguliwa ikaandikwa tena. Ilichukua muda mrefu na nauli nyingi kulinyoosha lile. Kwaiyo wakati unashughulikia bima shughulikia na uhamisho wa umiliki TRA, mkumbushe kijana, nenda naye kama inabidi. Na kwenye mkataba wenu kama hamkuandika saa mliyokabidhiana gari, andikeni sasa chini na wote msaini. Deni la trafiki nalo linafuata namba ya gari, liangalie siku hiyo hiyo.

Kulikuwa na njia nzuri zaidi kuliko kuvunja, nakuambia kwa ajili ya wengine wanaosoma. Kama mnunuzi angekuwa mtu wa familia kama wewe, ningekushauri muende wote wawili kwenye kampuni muombe bima ihamishiwe jina lake. Kampuni ikiridhika naye inatoa karatasi ya nyongeza ya mkataba, wenyewe wanaita endosimenti, na yeye anakulipa wewe mkononi ile miezi iliyobaki. Miezi minane yako kwa hesabu ya kugawanya ina thamani ya 350,000 bila kodi. Ungemuuzia hata kwa laki tatu, yeye anapata bima kubwa ya miezi minane kwa nusu ya bei ya kukata mpya, na wewe unapata zaidi ya kile utakachopewa na jedwali. Wote mnafurahi na jedwali la muda mfupi halijagusa mtu. Lakini kwa taksi ya mtandao matumizi yanabadilika, kampuni itahesabu upya, itadai nyongeza au itakataa, na wewe una siku moja na nusu tu. Hiyo ya endosimenti achana nayo. Ingekuwa gari yako mpya unaichukua wiki hii pia ningesema hamisha bima iende kwenye gari mpya, unalipa tofauti tu, ila mwezi wa nane ni mbali, na bima haiwezi kukaa hewani inasubiri gari.

Na wale wenye bima ndogo, thadi pati inayofidia wengine tu, ya 118,000 kwa gari binafsi, wanaoniuliza kila siku kama na wao wanarudishiwa. Kampuni huwa zinaihesabu ile kama ada ya chini kabisa, kitakachorudi kikirudi ni cha kunywea soda, nauli ya kufuatilia inazidi. Barua ya kuwajulisha umeuza gari andika hata hivyo, sio kwa ajili ya hela, ni kwa ajili ya yale ya mzee wa Noah.

Barua yenyewe isikutishe. Ifupishe, andika hivi tu:

"Kwa Meneja, Idara ya Bima za Magari. Yah: kusitisha bima namba (weka namba), gari namba (weka namba). Natoa notisi ya siku saba kuanzia leo tarehe 4 Juni kusitisha bima tajwa, bima isitishwe ifikapo tarehe 11 Juni. Gari nimeiuza tarehe 31 Mei, nakala ya mkataba wa mauziano nimeambatanisha. Katika kipindi hiki sijawasilisha dai lolote. Naomba hesabu ya marejesho kwa maandishi ikionyesha ada, kodi na jedwali lililotumika, na malipo yafanyike kwenye akaunti yangu (namba na jina). Nirudishieni pia barua inayothibitisha bima imesitishwa na historia yangu ya kutodai."

Ukienda nayo leo badilisha tarehe, andika ya leo na tarehe 10 Juni. Toa nakala mbili, moja wanakugongea muhuri wa kupokea wenye tarehe, hiyo ndo roho yako, ihifadhi na ipige picha. Siku hiyo hiyo tuma na imeili yenye barua hiyo hiyo kwa kampuni, ajenti mweke kwenye nakala asije akasema hakujua. Lakini peleka kwa kampuni, usimpe ajenti akupelekee, mana notisi inahesabiwa siku kampuni inapopokea na ajenti anaweza kukaa nayo kwenye begi mpaka Jumatatu. Pamoja na barua ambatisha nakala ya kitambulisho, kava noti, ile karatasi ya stika kama kijana hajaondoka nayo, na risiti ya EFD ya malipo. Kama uliwahi kukatiwa COMESA Yellow Card, ile kadi ya bima ya kuvukia mipaka, kwa safari za nje, rudisha na hiyo. Na kabla hata hujatoka nyumbani ingia kwenye TIRA-MIS uhakiki hiyo bima yako kweli ipo na ni bima kubwa, nimeona watu wakienda kudai marejesho ndo wanagundua ajenti aliwakatia thadi pati chenji akaweka mfukoni. Siombei, ila dakika mbili hazikuui.

Kuhusu akaunti, weka yenye jina lako linalofanana na la kwenye bima. Usikubali hela ipitie kwa ajenti "atakutumia kwa simu". Kama gari ingekuwa ya mkopo ungehitaji na barua ya benki kwanza, mana jina la benki linakuwa limeandikwa kwenye bima na kampuni haiwezi kusitisha bila benki kuridhia, wewe hujasema mkopo kwaiyo nimeruka.

Kijana mwambie leo, kwa meseji ya WhatsApp ili ibaki, kwamba bima yako unaivunja, na kwamba hata hizi siku saba asiingie barabarani akidhani amefunikwa, akate yake mwenyewe. Thadi pati ni lazima kisheria, ni kitu cha dakika chache kwa simu, na ataje wazi kwamba ni ya kubeba abiria. Akinuna anune, ni bora anune sasa.

Tarehe 11 ikipita ingia tena kwenye TIRA-MIS uweke namba ya gari. Ikiwa bima yako bado inasoma iko hai, piga simu kampuni, mara nyingi mtu wa kaunta amepokea barua akagonga muhuri ila wa kwenye mfumo hajafikishiwa. Hela yenyewe haiji siku hiyo hiyo, inapita kwa wahasibu. Ukiona wanazungusha, wakikuambia "njoo wiki ijayo" mara mbili tatu, andika malalamiko rasmi kwa kampuni yenyewe kwanza, wasipojibu peleka TIRA, na juu ya hapo yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa sheria ya bima ya 2009 kwa ajili ya watu kama sisi tusio na wakili. Kote huko watakuuliza kitu kimoja, nakala yenye muhuri iko wapi.

La mwisho ni ile barua ya historia ya kutodai niliyokuwekea mle kwenye mfano, wengi wanaisahau. Mwaka huu hujaumaliza kwaiyo wenyewe hauhesabiki, lakini kama miaka ya nyuma ulikuwa na kampuni hiyo hiyo bila kudai, mwezi wa nane ukienda kukatia gari mpya nenda nayo, hata kwa kampuni nyingine, uwaambie wakupe punguzo. Ukienda mikono mitupu wanakuanzisha kama mtu ambaye hajawahi kumiliki gari.